Mchi Ng'ambo ya Minyaa

Kati ya nyumba yetu na ya jirani wa upande wa magharibi kuna ua wa minyaa, na kwenye ua huo kuna pengo. Hakuna aliyelikata. Lilitokana na watu wawili kupita hapo kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka minyaa yenyewe ikaacha kuota. Watu hao ni mama yangu na jirani yake. Nataka kueleza walivyoishi, na kosa nililolifanya kati yao mwaka ule mama alipoanza kuumwa. Nilikuwa na nia njema, na nadhani mtu mwingine wa umri wangu anaweza kulirudia akiwa na nia njema vilevile.

Tunaishi Misunkumilo, pale mji wa Mpanda unapoanza kuwa mashamba. Asubuhi ukisimama mlangoni kwetu unasikia bodaboda zikielekea sokoni, na kabla hazijapotea unasikia mtu akiongea na ng'ombe wake. Nyuma ya nyumba nyingi kuna shimo, mahali palipochimbwa udongo wa matofali ya nyumba yenyewe. La kwetu mama alilipanda migomba. Kiangazi kikikolea, vumbi jekundu linakaa juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya ndoo ukisahau kufunika. Mvua zikianza, watu wanaingia porini kutafuta uyoga, na kwa wiki kadhaa nyumba zote zinanuka moshi na uyoga.

Sisi ni Wakonongo. Marehemu baba alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki, na kazi za mikono alizifanya mwenyewe. Kinu cha mama alikichonga yeye, na mchi wake pia, wa mti wa mninga, mzito, umelika katikati pale viganja vya mama vilipokuwa vikishika. Jirani yetu ni Msukuma. Alifika na mumewe na ng'ombe kutoka kaskazini nilipokuwa darasa la tatu. Siku aliyofika niliiona kwa macho yangu, nami niliogopa sana.

Alisimama nje ya ua akiwa na kapu kichwani, akasema, "Hodi, dada. Naomba moto, sisi ni wageni hapa."

"Moto upo, dada," mama akasema. "Mmetoka wapi?"

"Shinyanga."

"Nyie Wasukuma?"

"Ndiyo."

Mama akanyoosha mkono, akalishusha lile kapu kutoka kichwani kwa mgeni, akachukua michembe, yaani vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaanza kutafuna. "Basi hivi ni vyangu," akasema. Yule mwanamke akamtazama kidogo. Kisha akaivuta khanga ya mama begani, akajifunga. "Na hii ni yangu." Nilisubiri wapigane. Badala yake wakakaa chini kwenye kivuli cha nyumba, mmoja anatafuna, mwingine ananyoosha pindo la khanga, wakaulizana habari za safari.

Kwa asiyeujua utani, nieleze kidogo. Yapo makabila ambayo tangu zamani yalikubaliana kutukanana badala ya kupigana. Mtani wako anaweza kukuita jina lolote, kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, kukucheka mahali ambapo mwingine angekuonea haya. Msiba ukitokea kwenu, yeye ndiye anayeshika kazi ngumu, na ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha wafiwa. Sheria yake ya kwanza ni kwamba hukasiriki. Ya pili watu hawaitaji mara nyingi, nami nimeijua nikiwa mtu mzima: mtani hakufichi. Lile ambalo ndugu zako wananong'ona jikoni, yeye atakwambia mbele ya watu. Wapo wazee wanaobisha kwamba utani wa Wasukuma ni wao na Wanyamwezi, na kwamba sisi Wakonongo tumejipenyeza tu kwa sababu lugha zetu ni jirani. Mama hakuwa na muda na ubishi huo. Alikuwa na mtani ng'ambo ya minyaa, ikamtosha.

Kila asubuhi ilianza hivi.

"Mkonongo, umeamka, au mpaka nyuki wakuamshe?"

"Nimeamka kitambo. Nilikuwa nakuhesabia watoto, maana wewe unajua majina ya ng'ombe tu."

"Ng'ombe wana sababu ya kuitwa majina. Nyie mna nini cha kuita? Uyoga?"

Migebuka ikifika sokoni kutoka Karema, mama alimkata samaki katikati na kunituma na nusu yenye kichwa. "Mpelekee yule mchunga. Labda kichwa kitamwongezea akili." Sahani ilirudi na maziwa ya mgando. "Mwambie mama yako anywe, mifupa ya walinaji wa asali haina kitu ndani." Sikumbuki sahani iliyowahi kurudi tupu upande wowote. Baba alipofariki, jirani alilala kwetu siku zote za matanga, akachota maji, akasonga ugali wa watu wote, na kila mama alipolia sana alimwambia, "Lia polepole, Mkonongo, utamwamsha, aanze tena kudai chai." Mama alicheka huku machozi yanatiririka. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wakati huo, na kusema kweli niliona ni ukatili kidogo.

Baada ya baba kuondoka nilihamia kwa mama. Nafundisha shule ya msingi hapa hapa mjini, hivyo haikuwa shida. Mwaka ninaousimulia, kiangazi kikiwa mwishoni, miguu ya mama ilianza kuvimba. Akawa hawezi tena kubeba ndoo kutoka bombani. Akitwanga karanga anasimama katikati, anauegemea mchi, anasingizia kwamba anasikiliza redio ya jirani.

Hospitalini daktari alimpima kwa makini. Alinieleza kwamba moyo wa mama umechoka. Akaandika dawa za kila siku, akasema chumvi ipunguzwe, kazi nzito iachwe, asipate mshtuko na tusimsumbue. Akaongeza kwamba wapo wengi wanaoishi muda mrefu na hali hiyo wakifuata dawa. Maneno ya kwanza niliyabeba yote mpaka nyumbani. Haya ya mwisho niliyaacha mlangoni pa daktari.

Kesho yake asubuhi jirani akapita kwenye pengo. "Mkonongo, wamekurudisha? Mimi nilishaanza kukipima chumba chako, kitatosha ndama wawili."

Mama alicheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu, akashika ukuta. Jirani alisikia kicheko. Mimi nilisikia kikohozi.

Mchana ule nilivuka minyaa. Nilimkuta anamenya karanga kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Mgonjwa wako anasemaje?"

"Nimekuja kwa ajili yake. Daktari amesema asisumbuliwe. Naomba huu utani tuupumzishe kidogo."

Mikono yake ikasimama. "Daktari ameutaja utani?"

"Hapana. Amesema tu asisumbuliwe."

Aliangalia karanga kwenye ungo kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta iliyooza. Kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Nimeelewa."

Nilirudi nyumbani nikiwa na utulivu wa mtu aliyepanga mambo vizuri. Sikujua kwamba alichoelewa si nilichosema.

Siku iliyofuata hakupita kwenye pengo. Alizunguka barabarani, akaja kwa mlango wa mbele, akabisha hodi. Alikuwa amevaa khanga safi, ile anayokwenda nayo kanisani. Akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Pole, dada," akasema. "Umeamkaje?"

Mama akamtazama.

"Nimekuletea uji wa ulezi, dada. Hauna chumvi, kunywa tu."

"Leo umekanyaga nini njiani?" mama akamuuliza.

"Sijakanyaga kitu, dada. Nimekuja kukuona."

"Ng'ombe wamekufa wote, ndiyo maana una nafasi ya kutembea?"

Ilikuwa kama mtu anayerusha jiwe dogo kwenye kisima kusikia kama kuna maji. Jirani alitabasamu, macho yake yakiwa sakafuni. "Wazima," akasema. "Mungu ni mwema."

Mama alimtazama kwa muda, kisha akanigeukia mimi. Nikainama, nikaanza kupanga vikombe.

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Mlango wa mbele, hodi, pole dada, uji. Siku ya nne mama hakuunywa. Siku ya tano hakugusa hata ugali nilioupika mimi. Dawa alimeza kwa sababu nilisimama mbele yake, lakini alizimeza kama mtu anayemridhisha mtoto. Akaniita nifungue sanduku lake, akanionyesha gauni la kitenge la bluu. "Hili," akasema. Sikuuliza la nini. Akaniambia vitenge viwili viende kwa dada yake aliyeko Inyonga, na kwamba majembe yasigombaniwe. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayenielekeza vitu vya kununua sokoni. Halafu akageukia ukutani.

Mimi niliamini ni ugonjwa. Nilipiga simu kwa kaka yangu aliyeko Sitalike, nikamwambia mambo si mazuri, aje. Nilikwenda tena kwa daktari, akaniuliza kama miguu imezidi kuvimba. Nikasema hapana, imepungua. Akauliza kuhusu pumzi. Nikasema iko afadhali. Akanitazama akiwa hajui aniambie nini zaidi, akasema ajitahidi kula.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya migomba, mama aliniambia nikae.

"Daktari alikwambia nini?"

"Upumzike, umeze dawa, upunguze chumvi."

"Alikwambia nakufa."

"Hapana, mama. Nani amesema hivyo?"

"Msukuma ameniita dada."

Nilitaka kucheka, lakini nilipouona uso wake nikashindwa.

"Mara ya mwisho kuniita dada," mama akasema polepole, "ilikuwa siku aliyofika, alipokuja kuomba moto. Alikuwa hanijui. Tangu siku ile nimekuwa mla masega, nimekuwa mkia wa nyuki, nimekuwa kila kitu. Baba yako alipokufa hakuniita dada. Nilipolazwa na malaria hakuniita dada. Sasa anapita mlango wa mbele kama mtu wa sensa, ananiita dada, anamtaja Mungu. Mtu mwenye uzima haitwi dada na mtani wake, mwanangu. Anaitwa hivyo akiwa ameshaanza kuwa mgeni tena."

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu, lote kwa mara moja. Mgeni asingeweza kulifanya, maana mgeni angekuwa hana mtani wa kumnyamazisha. Nilimweleza mama kila kitu. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyekwenda kuomba utani upumzishwe. Nikarudia maneno ya daktari neno kwa neno, safari hii pamoja na yale niliyoyaacha mlangoni, kwamba wapo wanaoishi muda mrefu. Mama alinisikiliza kwa upole, akanipapasa mkono.

"Wewe ni mtoto mzuri," akasema. "Mtoto mzuri lazima aseme hivyo."

Hakuniamini. Na hakukuwa na namna ya kumfanya aniamini, maana mtoto ana haki ya kumficha mama yake ili asiumie. Aliyekuwa hana haki hiyo alikuwa ng'ambo ya minyaa, nami nilikuwa nimemfunga mdomo.

Nilivuka pengo karibu nikimbie. Jirani alikuwa anaanua nguo.

"Mama, nimekosea," nikasema, nikamwambia yote.

Akaziweka nguo chini. "Kwani hafi?"

"Daktari hakusema anakufa."

"Wewe ulikuja hapa ukaniambia niache utani." Sauti yake ilikuwa ngumu. "Nilijua huko kwetu na huku kwenu kitu hicho kina maana moja. Nilidhani umekuja kuniaga kwa niaba yake. Siku zote hizo nimekuwa nikipika uji nalia, chumvi yote ya uji imetoka machoni, halafu unaniambia hafi?"

"Naomba unisamehe. Kesho njoo umtanie kama zamani."

"Mwalimu," akasema, "utani hauombwi kama chumvi. Kesho nikija na maneno yangu atajua umenituma. Yule Mkonongo si mjinga. Usimwambie nimesema hivyo."

"Sasa nifanye nini?"

"Wewe usifanye kitu. Umeshafanya vya kutosha. Usinisaidie kusema, usinisaidie kunyamaza."

Alikaa siku mbili bila kuja kabisa. Hizo siku mbili zilikuwa ndefu kuliko wiki nzima ya uji. Kaka yangu alifika kutoka Sitalike na mfuko wa mchele, akakaa kando ya mama, wakaongea habari za mashamba na za tembo walioingia kwenye mahindi ya watu, na mama akamjibu kila swali kwa adabu. Adabu ile ilitutisha wote wawili. Kaka aliniuliza tukiwa nje, "Hivi ndivyo mtu anavyoondoka?" Nilimwambia sijui. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba mimi ndiye niliyeufungua mlango.

Siku ya tatu asubuhi tulimtoa mama nje akaote jua. Tulimlaza kwenye mkeka, kando ya ukuta. Jirani akatokea kwenye pengo. Hakubisha hodi wala hakusalimia mtu. Alipita mbele yetu na kandambili zake, akaingia jikoni, tukasikia masufuria yakigongana, akatoka na mchi begani. Akapita tena mbele yetu, akaelekea pengoni.

"Huyo amebeba nini?" mama akauliza.

"Mchi," kaka akasema.

"Mchi upi?"

"Kwani tunayo mingapi, mama?"

Mama akajiinua kwenye kiwiko. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilikuwa yake. "We mchunga. Rudisha huo."

Jirani akasimama penye minyaa bila kugeuka. "Mtu asiyetwanga ana mchi wa nini? Mimi nina karanga. Wewe una nini? Una gauni la bluu, nimesikia."

Nikafumba macho. Kaka yangu akashika kichwa. Nani alimwambia habari za gauni? Labda ni mimi, siku ile ya kukimbia, sikumbuki.

"Gauni langu lina uhusiano gani na wewe?" mama akasema.

"Ni zuri kuliko wewe. Halafu haliwezi kunitosha, ndiyo nimekasirika. Nimechukua mchi."

"Huo aliuchonga mume wangu."

"Basi njoo uuchukue. Kama nyie walinaji bado mna miguu." Akapenya kwenye pengo, akapotea. Baada ya muda mfupi tukasikia kutoka ng'ambo mchi wa baba ukigonga kinu cha Kisukuma, du, du, du, polepole, mahali ambapo haukuwahi kugonga.

Mama aliusikiliza. Nilitegemea aniulize kama nimemtuma. Hakuniuliza. Alisema, "Anatwanga vibaya, ataupasua." Halafu akasema, "Hakuna hata uji katika nyumba hii?"

Kaka ndiye aliyekwenda jikoni.

Mama alikula siku ile, na siku iliyofuata alikula zaidi, kwa hasira. Siku ya tatu alisema anakwenda kuuchukua mchi wake. Nilitaka kumshika mkono, akaukataa, akashika fimbo. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa jirani ni kama hatua arobaini. Alisimama mara nne. Mara ya pili alisimama penye pengo, akashika tawi la mnyaa, na mimi nyuma yake nikahesabu pumzi zake. Jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda, amemwona tangu alipotoka, wala hakuinuka kumsaidia. Sasa najua ilivyomgharimu kutoinuka.

"Mwangaluka," mama akasema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akiivuta ile sauti ya puani aliyoitumia kumwigiza.

"Mwangaluka ya nini, jua liko utosini? Nilidhani utafika na mvua."

"Nipe mchi wangu."

"Kaa kwanza. Umekuja unahema kama ng'ombe wa mnadani."

Mama akakaa. Akachukua mchembe kwenye ungo bila kuomba, akatafuna. Waliongea mpaka kivuli kikahama. Tulipoinuka kurudi, mchi ulikuwa umesimama palepale kwenye kinu. Nikautazama, nikamtazama mama.

"Uache," akasema. "Nitaufuata kesho."

Akaufuata kesho, na kesho kutwa. Hakuwahi kurudi nao. Karanga zetu nilizitwanga kwa mchi wa kuazima.

Siku moja tukiwa wawili nilimuuliza kama sasa ananiamini. Akasema, "Najua naumwa. Kuumwa ni kazi, mtu anaweza kuifanya. Wewe ulinipa kufa kabla sijamaliza kuumwa." Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayemwelekeza mwanafunzi palipokosewa hesabu, kisha akaniomba nimletee dawa zake.

Aliona mvua za mwaka ule. Alikula uyoga uliochumwa na watoto wa kaka yangu. Alipalilia mstari mmoja wa mahindi akiwa amekaa. Alikula mahindi mabichi ya kuchoma, akambishia jirani kwamba Wasukuma huyala na magunzi. Mahindi yalipoanza kukauka shambani, asubuhi moja niliingia na chai nikamkuta ameshaondoka, mkono mmoja chini ya shavu.

Nilikwenda mwenyewe ng'ambo ya minyaa kumwambia. Aliniona uso, akasema, "Amewahi, huyo? Kwa mara ya kwanza?" Akakaa chini udongoni na kuninyooshea mikono kama mtoto.

Siku ya mazishi, jeneza lilipotolewa, alikuwa amelala njiani, katikati, amejifunika khanga, hapiti mtu. Katekista alisubiri, anajua mambo ya watani.

"Mnampeleka wapi mbio hivyo?" jirani akauliza akiwa palepale chini. "Huyu Mkonongo hajawahi kuharakishwa na mtu. Hatua arobaini alizitembea asubuhi nzima. Mwacheni apumzike hapo, mimi nina nafasi."

Watu walicheka. Wanawake wa jumuiya waliokuwa wakilia walicheka na kufuta pua. Kaka yangu alimletea kuku kama inavyotakiwa ili afungue njia. Akampapasa kuku, akasema amekonda kama wenye nyumba, akaondoka njiani. Alitembea mbele ya jeneza akiigiza mwendo wa mama, mkono mmoja kiunoni, akisimama mara nne, na mara ya pili akishika tawi ambalo halikuwepo. Hapo sikucheka. Ilikuwa kama nimemwona mama.

Mama alizikwa na gauni la bluu. Ilipofika zamu ya kutupa udongo, jirani alichukua kiganja kimoja, akainama. Nilikuwa karibu naye, na nadhani ni mimi tu niliyesikia.

"Lala, dada," akasema.

Siku ya kuondoa matanga tuligawa vitu kama mama alivyoagiza. Vitenge vilikwenda Inyonga. Majembe hayakugombaniwa. Jirani tulimpa khanga mbili, akazikunja, akanirudishia mikononi.

"Mimi changu nilishachukua," akasema. "Mchi uko kwangu na utabaki kwangu."

"Sawa, mama," nikasema.

Akanitazama, akasubiri. Nilijua anachosubiri. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwamkia kwa adabu, nikaacha hayo mengine kwa mama, kana kwamba utani nao uko kwenye sanduku lake na utazikwa naye.

"Sawa gani?" akasema. "Mwalimu mzima unaibiwa mchi unasema sawa? Ukiutaka, njia unaijua."

Jumamosi iliyofuata niliweka karanga kwenye ungo, nikavuka. Minyaa ilikuwa imeanza kuchipua kwenye pengo, vijiti vidogo vya kijani, laini. Nilivikanyaga. Alikuwa kwenye kigoda chake, hakuinuka.

Nilimwamkia kwanza, maana ni mama yangu. Akaitikia. Kisha nikavuta pumzi, na maneno yaliyotoka yalikuwa mabaya, ya mtu anayejifunza.

"Nimekuja kuuangalia mchi wetu," nikasema, "kama nyie hamjawapa ng'ombe wautafune."

Akasogeza kinu kwa mguu mpaka kikanifikia.

"Twanga," akasema. "Maneno yatakuja."